Umepangiwa Thieta: Ushauri kwa Muuguzi Anayeanza Kusimama Mezani

Orodha ya zamu imebandikwa, na jina lako limetolewa wodini likawekwa thieta. Wengi wakiona hivyo hufikiria damu, ukali wa madaktari, au aibu ya kuombwa chombo usichokijua jina. Hayo yote yapo na utayazoea. Kuna jambo moja gumu zaidi: siku ambayo daktari mwenye uzoefu kuliko wewe atanyoosha mkono kuomba uzi wa kufungia tumbo, na wewe hesabu yako ina upungufu wa gozi moja. Utasema? Na ukisema, atakusikiliza? Nimeona wauguzi wajasiri wakipuuzwa, na wapole wakasema neno moja thieta nzima ikasimama. Wanaosikilizwa ni wale ambao tangu asubuhi kila mtu chumbani amewaona wameandaa kazi yao ikakamilika. Kwa hiyo nitazungumzia maandalizi kwa kirefu, kwani ndiyo yanayokupa haki ya kumsimamisha daktari.

Kwanza tuelewane ni kazi gani. Marekani, anayesimama mezani na vifaa mara nyingi si muuguzi; ni mtaalamu aliyesomea kazi hiyo peke yake. Kenya, muuguzi anaweza kwenda Chuo cha Mafunzo ya Tiba (KMTC) kuchukua stashahada ya juu ya uuguzi wa upasuaji. Kwetu Tanzania, hasa katika hospitali za wilaya na vituo vya afya, mara nyingi ni muuguzi wa kawaida aliyefundishwa kazini na mwenzake aliyemtangulia. Ukipata nafasi ya kusoma, soma. Lakini wengi mtaanza kabla nafasi hiyo haijaja, na mama mwenye uchungu pingamizi hawezi kusubiri umalize kozi. Mifano yangu mingi nitaitoa kwenye upasuaji wa kujifungua, kwa kuwa ndio utakaoufanya mara nyingi kuliko mwingine wowote.

Fika kabla ya daktari, na uanze na seti. Chukua pakiti mkononi kabla ya kuifungua. Ni kavu? Pakiti yenye unyevu si salama hata kama imetoka kwenye otoklevu sasa hivi, kwa sababu unyevu huvuta vijidudu kutoka nje kwenda ndani. Irudishe. Angalia utepe: mistari ikiwa imegeuka rangi, maana yake pakiti ilipata joto, basi. Utepe haukuambii kama mvuke ulifika katikati ya seti. Hilo utaliona kwenye karatasi ya kipimo iliyowekwa ndani, ukishafungua. Vifaa vilivyofungwa kwenye kitambaa, katika otoklevu ya kawaida ya hospitali zetu, vinahitaji nyuzi joto 121 kwa dakika 30. Umeme ukikatika dakika ya 20, muda unaanza upya. Hauendelei pale ulipoishia. Kwa hiyo mjue anayechemsha vifaa, mheshimu, msalimie kila asubuhi. Yeye ndiye anayejua kama usiku umeme ulikatika, na atakuambia ukweli ikiwa mmezoea kuzungumza.

Halafu washa kila kitu. Chovya mrija wa mashine ya kufyonza kwenye bakuli la maji uone kama unavuta. Washa taa ya juu ya meza, na uwe na tochi ya kichwani yenye chaji. Uliza kama jenereta ina mafuta. Usiulize kama ipo. Kama kuna pampu ya kufyonza ya kukanyaga kwa mguu, ijue ilipo, maana umeme hukatika bila kuangalia tumbo liko wazi au limefungwa. Aliyejaribu mashine na anayedhani inafanya kazi watajulikana damu ikianza kujaa, na wakati huo hakuna anayeweza kukusaidia.

Sasa meza. Panga vifaa kwa mfuatano wa upasuaji wenyewe, na uupitie kichwani kabla ya kunawa. Upasuaji wa kujifungua unakwenda hivi: kisu cha ngozi, gozi, fosepsi za kubana mishipa, mkasi. Ritrakta ya Doyen, ya kushikilia kibofu cha mkojo chini. Kisu tena kwa ajili ya mfuko wa uzazi, na mrija wa kufyonza uwe tayari papo hapo, kwa sababu maji ya uzazi hutoka kwa kishindo. Kichwa cha mtoto kinapokuja, Doyen inatolewa; nyoosha mkono uipokee, usisubiri iangukie kwenye mashuka. Klempu mbili na mkasi kwa ajili ya kitovu. Kondo la nyuma na bakuli lake. Kisha fosepsi za Green-Armytage kwenye kingo za mfuko wa uzazi, ambazo wakati huo zinavuja kwa kasi, na uzi namba 1 uwe umeshakaa kwenye kishika sindano, sindano imebanwa theluthi mbili kutoka kwenye ncha yake. Kati ya mtoto kutoka na mshono wa kwanza hakuna nafasi ya kutafuta kitu. Kila sekunde unayopekua meza, mama anamwaga damu.

Chombo kikiombwa, kiweke kwenye kiganja cha daktari kwa uthabiti, kikiwa kimeelekea upande atakaokitumia, ili asilazimike kuinua macho. Hapo ndipo anapoanza kukuamini, na wala hatakuambia. Jifunze pia ni mkasi gani unakata nini. Metzenbaum ni kwa tishu laini. Ukizoea kumpa daktari mkasi huo akatie nyuzi, haitachukua muda utakuwa butu, na hospitali haitanunua mwingine haraka. Nyuzi zikatwe kwa mkasi wa Mayo ulionyooka. Wembe namba 10, 11 na 15 huvaa mpini namba 3. Namba 20 hadi 24 huvaa mpini namba 4. Wembe uvalishwe na uvuliwe kwa kishika sindano, kamwe si kwa vidole. Weka daftari dogo mfukoni, uandike mazoea ya kila daktari: huyu anapenda uzi gani, yule hutumia mkono wa kushoto, mwingine hutaka gozi kubwa mbili pembeni kabla ya kufungua mfuko wa uzazi.

Kuhusu kunawa mikono, kuna mambo tuliyorithi ambayo hayatusaidii. Kusugua dakika 10 kwa brashi ngumu kunachubua ngozi, na ngozi iliyochubuka ndiyo hubeba vijidudu zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 2 hadi 5 zinatosha. Kucha fupi, pete na saa zimevuliwa, kucha za kubandika marufuku. Maji yateremke kutoka vidoleni kwenda kwenye viwiko, mikono ikiwa juu muda wote. Kama maji ya bomba hayapo, ndoo safi yenye koki inafanya kazi hiyohiyo, ilimradi usitumbukize mikono ndani ya ndoo.

Ukishavaa gauni, fahamu mipaka yako. Gauni ni safi mbele tu, kuanzia kifuani hadi usawa wa meza, pamoja na mikono hadi juu kidogo ya viwiko. Mgongoni si safi, kwapani si safi, na chochote kilichoshuka chini ya usawa wa meza kimepotea hata kama hakijagusa sakafu. Ukiona glavu ya mtu imegusa pasipostahili, mwambie papo hapo, kwa sauti ileile unayotumia kuomba gozi: «Dokta, glavu ya kulia, tafadhali badilisha.» Usieleze, usiombe radhi mara tatu. Ukiifanya kuwa sehemu ya kazi ya kila siku, haitakuwa ugomvi siku ya jambo kubwa.

Usisahau kuwa mama aliyechomwa ganzi ya mgongoni yuko macho. Anasikia kisu kikiwekwa kwenye bakuli, anasikia mkiulizana kama damu imeletwa. Maongezi ya mshahara na ya nani kachumbiwa yakae nje. Kabla ya kisu, mtu amwambie: «Mama, utasikia unasukumwa na kuvutwa, lakini hutasikia maumivu. Ukisikia maumivu, sema.» Na ukihesabu gozi, hesabu kwa sauti ya kawaida, tulivu. Mama akisikia namba zinatajwa kwa utaratibu, anatulia.

Nimefika kwenye hesabu, na hapa sitafanya haraka.

Gozi iliyoachwa tumboni haisemi siku hiyo wala kesho yake. Mama anarudi nyumbani, anaanza homa, tumbo linauma, anapewa dawa za malaria, kisha dawa za tumbo, na miezi inapita. Akifunguliwa tena, wakati mwingine utumbo umeshashikana na gozi na sehemu yake inalazimika kukatwa. Wenzetu wa hospitali kubwa hutumia gozi zenye uzi unaoonekana kwenye eksirei. Katika hospitali zetu nyingi, gozi ni zile ambazo wauguzi wenyewe wamezikata kutoka kwenye roli, wakazikunja na kuzifunga mafungu. Hazina uzi huo. Eksirei haitakuonyesha kitu, kwa hiyo ukipotea wewe katika kuhesabu, hakuna mashine itakayokuja kukuokoa.

Mafungu yawe ya namba moja siku zote: matano au kumi, kama mlivyokubaliana, na asiyefunga kwa kuhesabu asiruhusiwe kufunga. Wakati wa kuhesabu muwe wawili, wewe na muuguzi anayezunguka, mkitazama pamoja na kutaja kwa sauti. Tenganisha kila gozi na mwenzake. Gozi zilizolowa hushikamana mbili zikaonekana moja. Ukifungua fungu ukakuta tisa badala ya kumi, usiongeze moja wala usiandike tisa. Toa fungu lote nje ya meza, lisitumike kabisa. Usikate gozi katikati. Zile kubwa za tumboni, acha mikia yake ining'inie nje na ibanwe kwa fosepsi. Kila fungu jipya linaloingia liandikwe ubaoni wakati huohuo, siyo «nitaandika baadaye». Na hakuna ndoo ya taka itakayotoka chumbani, hata ikijaa, mpaka mgonjwa ametoka.

Hesabu kabla ya kuanza. Hesabu kabla ya kufunga mfuko wa uzazi, kabla ya kufunga tumbo, na tena ngozi inapofungwa. Mkibadilishana zamu katikati ya upasuaji, anayetoka na anayeingia wahesabu pamoja. Usikubali kurithi hesabu ya mdomo. Sindano na vyombo navyo vihesabiwe, ingawa kwa uzoefu wangu gozi ndiyo yenye ujanja zaidi ya kujificha.

Daktari wa upasuaji Atul Gawande na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2003 kuhusu wagonjwa walioachiwa vitu mwilini huko Massachusetts, Marekani. Hatari ilikuwa mara tisa zaidi kwenye upasuaji wa dharura, na mara nne pale upasuaji ulipobadilika ghafla katikati. Jambo lililonishtua mimi ni jingine: katika wengi wa wagonjwa waliohesabiwa gozi, fomu iliandikwa kuwa hesabu imetimia. Walihesabu, wakaandika imetimia, na gozi ilikuwa ndani. Kwa hiyo fomu iliyojazwa haikulindi. Kinacholinda ni macho ya watu wawili juu ya kila gozi, hasa usiku, hasa kwenye dharura, yaani wakati ule ambao kila mtu atakuambia hakuna muda.

Nimewahi kuwa kwenye upasuaji wa usiku ambapo hesabu ya kufunga tumbo ilileta gozi kubwa 9 badala ya 10. Daktari amechoka, mgonjwa mwingine yuko mlangoni, mkono umeshanyooshwa kusubiri uzi. Aliyekuwa mezani ni binti mpole, hata shikamoo yake unaitegea sikio. Hakutoa uzi. Akasema, «Dokta, samahani, bado moja. Ubaoni ni kumi. Kwenye ndoo ziko saba, mezani mbili.» Daktari akatazama ubao, akamtazama yule binti, akaomba ritrakta na kurudisha mkono ndani. Gozi ilikuwa juu kushoto, nyuma ya utumbo, imelowa kiasi kwamba kwa macho usingeitofautisha na tishu. Nikuombe uangalie alivyosema. Hakusema «nadhani imepotea». Alitaja ilipoanzia na kila moja iliko sasa, na daktari hakuwa na cha kubishia. Angekuwa hajaandika ubaoni tangu mwanzo, asingekuwa na la kusema.

Una mshirika mwingine katika kusema: ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008. Wengi huiona ni karatasi ya kujaza baada ya kazi ili ukaguzi upite. Inafaa ujue ilikotoka. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Ifakara, mkoani Morogoro, sambamba na miji kama London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Wagonjwa wa Ifakara wamo kwenye namba hizo. Isome kwa sauti, mara zake tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Utaona kuwa kuna maswali yaliyopangiwa muuguzi kwa makusudi: vifaa vimethibitika kuwa safi? Hesabu imetimia? Sampuli imeandikwa jina? Ukijibu maswali hayo hujajitwalia cheo cha mtu. Yamewekwa mdomoni mwako. Na ukisubiri dakika moja kabla ya kisu kuhakikisha dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya saa moja iliyopita, umemfanyia mgonjwa zaidi ya utakavyofanya kwa saa nzima ya kupeana mikasi.

Kuna madaktari wakali, sitaficha. Ukifokewa wakati wa damu, usijibu. Toa chombo, endelea. Baada ya upasuaji, mkishavua gauni, mfuate faragha: «Dokta, samahani, pale uliposema vile sikuelewa ulitaka kifaa gani. Nielekeze.» Wengi watakuelekeza. Asiyebadilika, na anayetupa vyombo au kutukana, mpelekee msimamizi wa thieta kwa maandishi. Lakini hesabu usiiahirishe kwa ajili ya heshima.

Sasa uhai wako mwenyewe. Glavu za mpira zilianza kutumika kwenye upasuaji kwa sababu ya mtu wa kazi yako. Caroline Hampton, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, aliumia ngozi ya mikono kwa dawa kali ya zebaki waliyokuwa wakinawia. Daktari William Halsted akaagiza kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira, majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890. Kwanza zilikuwa za kulinda mikono ya muuguzi; faida kwa mgonjwa ilionekana baadaye. Vaa glavu mbili kwenye kila upasuaji mkubwa. Kisu na sindano visipite mkono kwa mkono: viweke kwenye bakuli la umbo la figo, sema «kisu», daktari achukue mwenyewe. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, mwezi wa kwanza, wa pili na wa saba, ianze kabla hujagusa meza. Virusi hivyo huambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU kwa mbali.

Ukichomwa, toka mezani. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiminye kidonda, usimwagie Jik. Toa taarifa na uanze dawa za kinga ya VVU haraka, ikiwezekana ndani ya saa chache; zikipita saa 72 hazina faida tena. Dawa ni za siku 28 na uzimalize. Kwa sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, hatari ni takribani 3 kwa kila 1,000, kwa hiyo usikate tamaa, lakini usifiche kwa aibu. Wanaoficha ndio wanaokosa dawa.

Mengine ya mwili ni mafupi: kula kabla ya kuingia, vaa soksi za kubana miguu na viatu vilivyofunika vidole, badilisha mguu unaoegemea. Ukisikia kizunguzungu, sema mapema na urudi nyuma hatua mbili mbali na meza. Daktari atakusamehe kwa kukaa chini. Kuangukia tumbo lililo wazi ni jambo jingine.

Mgonjwa akishatoka, kazi yako haijaisha. Sampuli iingie kwenye formalini mara kumi ya ujazo wake, na jina liandikwe kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye kifuniko kinachoweza kubadilishwa. Vyombo vioshwe kabla damu haijakauka, fosepsi na mikasi ikiwa imefunguliwa ili brashi ifike kwenye kiungo. Kama mwongozo wa hospitali yako unataka vilowekwe kwenye klorini, usipitishe dakika 10, kwa sababu klorini hula chuma, na kishika sindano kilichoanza kutu kitaachia sindano katikati ya mshono. Jaribu kila kimoja kabla ya kufunga: fosepsi ibane gozi uivute, mkasi ukate gozi iliyolowa. Kibovu kitenge na uandike kwenye kitabu, usikirudishe kwenye seti ukimwachia mwenzako wa zamu ijayo akikute.

Na kabla ya kukabidhi zamu, seti moja ya upasuaji wa dharura wa kujifungua iwe rafuni, kavu, yenye tarehe, pamoja na mafungu ya gozi yaliyohesabiwa, nyuzi, glavu za saizi za madaktari wa zamu na mrija wa kufyonza. Mwonyeshe anayeingia, mhesabu mafungu pamoja, ndipo uvue kofia.